Mufupa wa paja kuvunjika pembeni ya proteze ya nyonga: namna unatengenezwa, na kitu cha kuuliza munganga

Mutu mwenye proteze ya nyonga akianguka na paja lake likavunjika, matunzo yake hayafanani na ya paja lingine. Ndani ya mufupa wake tayari kuko chuma. Plastari haitoshi, musumari wa kawaida hauna fasi ya kupita, na kukandakanda kunaweza kuharibu zaidi. Waganga wa mifupa wanahesabu uvunjikaji huu kati ya kazi zao ngumu zaidi.

Kuko swali moja linaloamua karibu yote: ile proteze ingali imeshika ndani ya mufupa, ao imelegea? Jibu likiwa la haraka na la uongo, mugonjwa atarudi chumba cha operasio mara ya pili, na jamaa italipa mara mbili. Makala hii inaeleza sababu yake, ili mugonjwa na wale wanaomutunza wajue kitu cha kuuliza.

Proteze ya nyonga ni kitu gani

Nyonga ni pale paja linapoungana na kiuno. Kichwa cha mufupa wa paja kiko mviringo kama kimpira, kinazunguka ndani ya kikombe cha mufupa wa kiuno. Kichwa hicho kikiharibika, munganga anaweza kukitoa na kuweka chuma pa fasi yake.

Proteze nzima iko na sehemu tatu kubwa. Ya kwanza ni tije, fimbo ya chuma inayoingizwa ndani ya mufupa wa paja. Urefu wake mara mingi ni sentimetre 12 mpaka 16 hivi. Ya pili ni kichwa cha mviringo kinachokaa juu ya tije. Ya tatu ni kikombe kinachowekwa katika kiuno. Kuko tena proteze ya nusu, isiyokuwa na kikombe kipya, kama zile zinazoitwa Moore na Thompson. Wazee wengi waliovunjika shingo la mufupa wa paja wanapewa hiyo, kwa sababu bei yake iko chini na operasio yake ni fupi.

Tije inashikwa kwa njia mbili. Wamoja wanawekewa simenti ya kiganga inayokauka ndani ya mufupa. Kwa wengine tije inakazwa bila simenti, na mufupa wenyewe unaota pole pole juu ya chuma mpaka vinashikana.

Operasio hii, vile inajulikana leo, ilitoka Uingereza. Mwezi wa 11 mwaka 1962, munganga John Charnley wa hospitali ya Wrightington alianza kuweka proteze yenye kikombe cha plastiki ngumu. Njia yake ilienea dunia nzima.

Kwetu, wenye proteze si wazee tu. Ugonjwa wa SS, ule wanaita drepanositozi, unaweza kuziba damu inayolisha kichwa cha mufupa wa paja, na kichwa hicho kinakufa kingali cha kijana. Kongo iko kati ya inchi tatu za dunia zenye kuzaa watoto wengi zaidi wenye SS, pamoja na Nigeria na India. Kwa hiyo proteze inaweza kuwa ndani ya mutu wa miaka 30 aliyepasuliwa hapa inchini, ao Kigali, ao Kampala, ao Nairobi, ao India, kisha akarudi nyumbani na maisha yakaendelea.

Juu ya nini mufupa unavunjika pale

Chuma ni kigumu kuliko mufupa. Mutu akianguka, nguvu yote inajikusanya pale chuma kinapoishia, karibu na ncha ya tije. Ndiyo maana mufupa mara mingi unavunjika kandokando ya tije ao chini yake kidogo.

Kuko mambo yanayoongeza hatari. Umri unapunguza uzito wa mufupa, zaidi kwa wamama kisha kukoma kwa hedhi. Tije ambayo imeanza kulegea inakwaruza mufupa kutoka ndani kila hatua. Vumbi ndogo ndogo za plastiki ya kikombe kinachozeeka zinaweza kufanya mufupa uliwe pembeni ya chuma. Proteze ya Moore iliyowekwa bila simenti iko na hatari kubwa kuliko ile ya simenti. Na kwa mugonjwa wa SS, mufupa unaweza kuwa mugumu na njia yake ya ndani kuziba, hata unaweza kupasuka siku ile ile ya kuweka proteze.

Hospitali ya Mayo, pale Marekani, ilihesabu zaidi ya watu 23,000 waliowekewa proteze ya nyonga mara ya kwanza. Kisha operasio, karibu 1 kwa 100 alivunjika mufupa pembeni yake. Kwa wale waliokuwa wamekwisha kubadilishiwa proteze, walikuwa 4 kwa 100. Hesabu ni ndogo, lakini kwa yule anayepatwa, jambo ni zito: katika inchi zenye hospitali nzuri, karibu mutu mumoja kati ya 10, wengi wao wazee, anakufa mbele mwaka haujaisha. Wanakufa juu ya kulala sana, mapafu, damu kuganda, na vidonda vya kitanda.

Siku ya kwanza: cha kufanya na cha kuacha

Dalili ni maumivu makali katika paja ao kinena, kushindwa kusimama, muguu kuwa mufupi ao kugeuka inje. Lakini kuko wengine wanaotembea bado, wakichechemea, kwa sababu mufupa umepasuka tu bila kuachana. Mwenye proteze anayeumwa paja kisha kuanguka apigwe radio, hata kama anatembea.

Mugonjwa asiinuliwe juu ya moto. Muguu ufungwe vizuri pamoja na ule muzima, ao na mbao mbili zenye kitambaa laini kati yake, kutoka kiuno mpaka kisigino. Abebwe juu ya kitanda, mulango ao kipoyi. Paja lililovunjika linaweza kuficha lita moja ya damu ao zaidi bila tone kuonekana inje. Kwa hiyo akitoka jasho baridi, akipauka ao akichanganyikiwa, ni haraka. Tazameni vidole vya muguu: kama ni baridi, ao havisikii kuguswa, mwambieni munganga mara moja.

Kisha, watu wasimupeleke kwanza kwa muunga-mifupa. Wale wazee wako na heshima yao katika vijiji, na kuko mikono mingi ya watoto imepona kwao. Lakini kuvuta na kukanda paja lenye tije kunaweza kusukuma chuma katika mufupa uliopasuka, kukata mushipa wa damu, ao kulegeza kile kilichokuwa kingali kimeshika.

Swali linaloamua yote

Mwaka 1995, waganga Clive Duncan na Bassam Masri wa muji wa Vancouver, Kanada, walitoa mupango wa kupanga mivunjiko hii. Unaitwa mupango wa Vancouver, na waganga wa mifupa wa inchi nyingi wanautumia mpaka leo. Unatazama mambo matatu: mufupa umevunjika fasi gani, tije inashika ao imelegea, na mufupa unaobaki uko na nguvu ao umeoza.

Aina A ni pale juu, kwenye vile vinundu viwili vya mufupa ambavyo misuli inashikilia. Kama kipande hakijasogea, mara mingi hakuna operasio: mugonjwa anatembea na magongo na anafuatwa kwa radio. Kikisogea sana, kinafungwa kwa nyaya ao plaki.

Aina B ni kandokando ya tije ao kwenye ncha yake. Inagawanyika mara tatu. B1: tije ingali inashika. B2: tije imelegea, lakini mufupa ni muzuri. B3: tije imelegea na mufupa umeharibika.

Aina C ni chini kabisa, mbali na ncha ya tije, kuelekea goti.

Shida kubwa iko kati ya B1 na B2. Juu ya picha moja ya radio zinaweza kufanana. Lakini matunzo yake ni mbalimbali: B1 inapewa plaki, B2 inaomba tije mupya. Mutu wa B2 akiwekewa plaki tu, mufupa umefungwa juu ya chuma kinachocheza. Kila hatua inatikisa, visi zinatoka, plaki inavunjika.

Uswidi inaandika proteze za nyonga za inchi nzima tangu 1979. Wachunguzi wake walipotazama mivunjiko zaidi ya 1,000, walikuta kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa na tije iliyolegea. Walikuta tena kwamba wale waliowekwa katika B1 walirudi mara mingi na shida, na wakafikiri kwamba kati yao kulikuwa wenye tije iliyolegea ambayo haikutambuliwa.

Namna gani munganga anajua? Kwanza, anauliza: mbele ya kuanguka, ulikuwa unaumwa paja wakati wa kuanza kutembea? Muguu ulikuwa unakuwa mufupi pole pole? Ndiyo ni dalili ya kulegea. Pili, analinganisha radio ya leo na ya zamani: kama tije imeshuka, ao kuko musitari mweusi kati ya chuma na mufupa, ao simenti imepasuka, basi imelegea. Skaneri inaweza kusaidia. Tatu, katika operasio yenyewe, kama shaka linabaki, anaijaribu tije kwa mukono mbele ya kuamua. Ndiyo maana timu nzuri inaingia chumba cha operasio na vyombo vya njia zote mbili.

Tije ikishika: plaki na nyaya

Kwa B1, munganga anarudisha mufupa pa fasi yake na kuufunga kwa plaki ndefu. Chini ya tije, visi zinapita mufupa mara moja. Pale tije iko, visi ndefu haziwezi kupita katikati. Hapo anatumia visi fupi ao nyaya za chuma zinazozunguka mufupa na kukazwa. Plaki fupi ni kosa: inaacha fasi dhaifu kati ya chuma kimoja na kingine, na mufupa unaweza kuvunjika tena pale.

Kwa aina C, proteze haiguswi. Mufupa wa chini unafungwa kwa plaki, lakini plaki inapanda mpaka ipite ncha ya tije.

Watu wanauliza: na ule musumari wa ndani? Shirika SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, lilitengeneza musumari ambao munganga anaweza kuuweka bila mashini ya radio ndani ya chumba cha operasio, na umesimamisha watu wengi wa inchi maskini waliovunjika paja. Lakini musumari unapita katikati ya mufupa, na kwa mwenye proteze ya nyonga ile njia imejaa tije. Kwa hiyo hospitali inayotengeneza paja la ajali ya moto kila wiki inaweza kukosa kitu kinachoombwa hapa. Si kwamba waganga wake hawajui kazi. Vyombo ni vingine.

Tije ikilegea: kuitoa na kuweka ndefu

Kwa B2, munganga anatoa tije ya zamani na kuingiza ndefu zaidi, inayopita mahali palipovunjika na kushika katika mufupa muzima wa chini. Kipimo cha kawaida ni kupita muvunjiko kwa angalau upana wa mufupa mara mbili. Leo waganga wengi wanapenda tije bila simenti, iliyochongoka kama penseli na yenye miinuko pembeni inayouma mufupa ili isizunguke. Vipande vya juu vinakusanywa na kufungwa kwa nyaya kuizunguka.

Kwa B3, mufupa wa juu hauna nguvu tena. Kuko njia ya kuongeza mufupa wa kutolewa, ao kuweka chuma kinachochukua fasi ya sehemu yote ya juu ya paja. Ni kazi ya hospitali chache sana, na kwa mutu wa hapa mara mingi ni safari ya inje ya inchi.

Operasio ya kubadilisha tije ni ndefu na inamwaga damu. Mbele ya kuingia, jamaa itafute watoaji damu, na hospitali ipime hemoglobini. Kwa mwenye SS, anestezi, maji mwilini na oksijeni vinaangaliwa kwa uangalifu wa pekee. Tena munganga anatafuta kama kuko infeksio kandokando ya proteze: anauliza juu ya homa na kidonda kinachotoa usaha, anapima damu, na mara ingine anavuta maji ya kiungo kwa shindano. Kuweka chuma kipya juu ya usaha ni kupoteza chuma, feza na muguu.

Na kilo je?

Katika hospitali nyingi, paja lililovunjika linavutwa kwa kilo, mugonjwa akilala wiki 6 mpaka 12. Kwa mwenye proteze, kilo inaweza kupunguza maumivu na kushika muguu wakati wa kungojea operasio ao transfere. Lakini kama ndiyo matunzo yote, matokeo mara mingi ni mabaya: mufupa unaunga kombo ao haungi, tije inabaki inacheza, na muzee anapata vidonda vya mugongo na mapafu mabaya.

Pale operasio haiwezekani kabisa, walinzi wamugeuze mugonjwa kila saa mbili, wamukalishe kama munganga anaruhusu, wamufanyishe pumzi ndefu na kuchezesha vidole na muguu ule muzima. Lakini swali la transfere liulizwe siku za kwanza, si kisha miezi miwili.

Kisha operasio

Kisha plaki, mugonjwa mara mingi anakatazwa kuweka uzito wote wa mwili juu ya muguu kwa wiki 6 mpaka 12, mpaka radio ionyeshe kwamba mufupa unaanza kuunga. Kisha tije ndefu, waganga wengi wanaruhusu kukanyaga mapema. Kila mutu afuate neno la aliyemupasua, si la jirani. Kuamka kitandani kunaanza siku za kwanza, na dawa ya kuzuia damu kuganda inatolewa.

Kine ni nusu ya matunzo. Goma kuko kituo Shirika la Umoja, na Bukavu kuko Heri Kwetu, vinavyojulikana kwa kusaidia watu kutembea tena. Nyumbani, ondoeni mikeka inayoteleza, wekeni taa ya usiku katika njia ya choo, na fimbo ya kushikilia pale pa kuogea. Kubeba muzigo muzito mugongoni kunaachwa.

Karatasi inayokosekana

Malawi ilianza kuandika proteze zake katika rejista ya inchi tangu 2005. Mutu aliyewekewa kwetu ao kwa majirani mara mingi rejista yake ni mufuko wake mwenyewe. Kila proteze inatoka kiwandani na vibandiko vinavyoandikwa jina lake, kipimo chake na namba yake. Vinabandikwa katika fishi ya operasio. Mugonjwa aombe kopi mbele ya kutoka hospitali, aipige picha, na aitume kwa mutu wa jamaa anayekaa muji mwingine, kwa sababu vita, moto na mvua vinakula karatasi. Pamoja nayo awekwe picha ya radio ya kisha operasio. Siku mufupa utavunjika, ile radio ya zamani ndiyo itaonyesha kama tije imeshuka, na kile kibandiko ndicho kitamwambia munganga vyombo gani vya kutafuta ili kuitoa.

Mwenye proteze asiyeumwa bado anafaa kupiga radio ya kufuatilia wakati kwa wakati. Anayeumwa paja kila akianza kutembea asingoje kuanguka: tije iliyolegea inaweza kubadilishwa mufupa ungali muzima, na operasio ile ni nyepesi kuliko ya kisha kuvunjika.

Maswali ya kupeleka kwa munganga

– Mufupa umevunjika fasi gani: juu, kandokando ya tije, ao chini yake?

– Tije ingali inashika, ao imelegea? Mumejua namna gani?

– Mumelinganisha na radio ya zamani?

– Mumetafuta infeksio?

– Kama mukifungua na kukuta tije inacheza, muko na tije ndefu tayari hapa?

– Kama hamuna, hospitali gani iko nayo, na mugonjwa anaweza kusafiri lini?

– Damu ngapi itaombwa, na bei yote ni ngapi, pamoja na chuma, radio na kine?

Munganga muzuri hatachukizwa na maswali haya. Na kama jibu la swali la tano ni hapana, transfere inagharimu kidogo kuliko operasio mbili.